Kagera yetu: tupeane uzoefu wa watu ambao wakilala siku moja, kitongoji kinakwama

Kibanja cha Kati:
Wakuu, uzi huu ni wa watu wa Kagera, ila jirani wa Geita au Kigoma asijione mgeni. Nataka tusimuliane habari za watu wa kwetu ambao wakiacha kazi yao hata kidogo, kila nyumba inajua. Siongelei waheshimiwa wala wafadhili wa kupiga picha na madawati. Hao wana wasemaji wao.

Naanza na fundi wetu wa maji. Sisi maji yetu yanatoka kwenye chemchemi mlimani, yanashuka kwa mserereko hadi kwenye vilula. Kwenye makaratasi mradi uko chini ya chombo cha watumia maji, na juu yake wako RUWASA, wakala wa maji vijijini, walioundwa kwa sheria ya maji ya mwaka 2019. Lakini bomba likipasuka usiku, anayegongewa mlango ni yule bwana mwenye baiskeli, spana mbili na vipande vya mpira wa tairi. Anajua kila koki iliko, hata zile zilizofukiwa barabara ilipochongwa. Ramani ya mtandao mzima iko kichwani mwake, na hilo linanitia hofu kuliko bomba kupasuka, maana umri umekwenda na hana anayemfundisha.

Analipwa? Ipo posho, ikipatikana. Wa vilula wasipowasilisha makusanyo, naye anakosa.

Sharti moja: majina ya watu msiweke. Semeni anafanya nini, anafanyaje, na nani anamlipa. Hilo la mwisho msiliruke, ndilo lililonifanya niandike.

Emwani:
Mkuu, wangu mimi ni mzee mmoja wa Muleba, mwalimu mstaafu, anayetembea kwenye vibanja vya watu na mti mrefu wenye panda.

Wadogo humu hawakumbuki, ila mnyauko wa migomba ulipoingia kwetu mwaka 2006 tuliona kama mwisho wa dunia. Mgomba una afya, mkungu umetoka vizuri, mara majani yanakuwa manjano na kulegea, ndizi zinaiva kabla ya kukomaa. Ukikata ndizi, ndani kahawia. Ukikata shina, baada ya muda linachuruzika ute wa manjano. Dawa hakuna, hadi leo hakuna. Na kwa Mhaya kibanja si shamba tu, makaburi ya wazee yako humo humo.

Mwanzoni tuliambiwa ng'oa shina zima, na machipukizi yake yote, fukia. Jaribu kumwambia mjane hivyo. Watu walificha migomba inayoumwa, wengine walikata usiku na kutupa mabaki mtoni. Huyu mzee hakuanza na amri. Alianza kwenye kibanja chake, mbele ya watu: akachukua ule mti wa panda, akalinyonga ua lililoning'inia chini ya mkungu baada ya kichana cha mwisho kutoka, likaanguka bila kuguswa na kisu. Akaeleza kwamba wadudu wanaofuata utamu wa lile ua ndio wanaohamisha ugonjwa mgomba hadi mgomba, na kwamba panga linalotoka kwenye mgomba mgonjwa kwenda kwenye mzima bila kupitishwa kwenye moto linafanya kazi ile ile ya wadudu. Baadaye wataalamu walipokuja na utaratibu wa kukata lile shina moja tu lililougua, chini kabisa usawa wa ardhi, na kurudia kila dalili inapojitokeza, watu walipumua. Yeye ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba kuwaonyesha.

Ugomvi wake mkubwa ulikuwa na wapika rubisi, ile pombe ya ndizi. Hao huingia vibanja vingi kununua ndizi, panga ni lao, na hawana muda wa kuwasha moto kila mahali. Aliwafukuza, wakamsema kwamba anataka kuua biashara. Mwishowe akawa na jiko la mkaa na rundo la mapanga yake ya akiba: ukiingia kijijini kwetu kukata ndizi, acha panga lako, chukua hili lililopitishwa motoni. Kijiji kikaja kulitungia sheria ndogo jambo ambalo yeye alishalizoesha watu.

Malipo yake? Hakuna. Ukimpa mkungu anapokea, ukimpa hela anauliza ni za nini.

Nshamba 07:
Emwani umenikumbusha mbali. Kwetu hatukuwa na mtu wa namna hiyo, na vibanja vitatu vya jirani leo ni mihogo mitupu.

Mama Daftari:
Hodi humu. Mimi ni katibu wa chama cha kuzikana, kwa hiyo mtanisamehe, najisemea mwenyewe kidogo, maana hatuna anayetusemea.

Msiba ukitokea, habari inanifikia kabla baadhi ya ndugu hawajajua. Nafungua daftari: nani zamu ya kuni, nani maji, nani mkungu wa ndizi, nani maharage, nani analala na wafiwa. Nani hajalipa mchango wa mwezi uliopita. Nani anadai chama kilimsahau mama mkwe wake. Watu wanadhani kazi ni kuandika tu. Kazi ni kumwambia jirani yako, mbele ya watu, kwamba hutapokea kisingizio chake mara ya pili, halafu kesho ukutane naye kisimani.

Wazee wetu wanasema vyama hivi vilijaribiwa vikali enzi ile ya "Juliana", jina walilouita UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania walitambuliwa mkoani kwetu, mwaka 1983, na kwa miaka mingi baada ya hapo tulizika vijana mpaka mikono ikachoka. Mama yangu alikuwa katika kundi la wanawake waliopita kuwaogesha wagonjwa ambao ndugu zao waliogopa hata kuwapa kikombe. Hapakuwa na dawa za kufubaza virusi wakati huo, walikuwa na sabuni, maji ya moto na uji. Baadhi ya watoto waliobaki walilelewa na bibi zao kwa msaada wa kundi lile lile. Leo wale watoto ndio wenyeviti wa vitongoji, na wengine ndio wanaonisumbua kwa kuchelewesha michango.

Daftari langu linanunuliwa na chama. Muda wangu haununuliwi na mtu.

Nshamba 07:
Maawe, heshima yako. Lakini naomba nipingane kidogo: si mkianza kulipwa ndipo vyama vitakufa? Kwetu VICOBA kilianza vizuri, sanduku lina funguo tatu kwa watu watatu, kila mtu anaona hela zinavyohesabiwa. Tulipoanza kumlipa mweka hazina, uchaguzi wa viongozi ukawa kampeni. Kitu cha kujitolea kikishawekewa bei, wanakuja wa bei.

Maruku Pembeni:
Nshamba, na mimi nipo huko huko kwenye kujitolea, acha nikueleze kunavyokuwa.

Ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, halmashauri ya Bukoba. Siku za kawaida kazi yangu haina cha kusimulia: kumfuata mjamzito ambaye hajarudi kliniki, kupima watoto mkono kwa ule utepe wa rangi, kumbembeleza mzee amalize dozi ya TB. Nikifanya vizuri hakuna kinachotokea, na hicho ndicho kinachotakiwa.

Halafu ikaja Machi 2023. Watu wa familia moja wanakufa wakifuatana kwa homa na kutokwa damu, mtaani wanasema ni uchawi, wanasema ni sumu. Tarehe 21 Serikali ikatangaza kuwa ni Marburg. Wagonjwa 9 kwa hesabu ya mwisho, waliokufa 6, na miongoni mwao alikuwepo mhudumu wa afya. Kila aliyemgusa mgonjwa alitakiwa kufuatiliwa siku 21, anaulizwa hali, anapimwa joto. Wataalamu walikuja na magari na mavazi ya kujikinga, lakini hawakujua kwamba njia ile inaishia kwa nani, wala kwamba binti wa nyumba fulani alilala msibani bila kumwambia mumewe. Tulijua sisi.

Kigumu kuliko vyote kilikuwa misiba, na Mama Daftari hapo juu ananielewa. Unamwambiaje Mhaya asimuoshe marehemu wake, asimshike mkono mfiwa? Mtu anakutazama kama umetukana. Nilipokuwa nimefika nyumba hizo kwa miaka, kwa chanjo na vyandarua, walinifungulia mlango. Mgeni wasingemfungulia. Tarehe 2 Juni mlipuko ukatangazwa kwisha. Ulipotokea tena Biharamulo, Januari 2025, wenzetu wa kule walianza hivyo hivyo, na mlipuko ule ulikatisha maisha ya watu 10 kabla ya kutangazwa kwisha Machi.

Sasa malipo. Januari 2024 ulizinduliwa mpango wa kitaifa wa kuwa na wahudumu 137,294 ndani ya miaka mitano, wawili kwa kila kitongoji au mtaa, wenye mafunzo na posho. Naunga mkono kabisa. Wewe Nshamba unaogopa "watu wa bei", mimi nawafahamu wenzangu wazuri waliokwenda kuuza duka Mwanza kwa sababu mapenzi ya jamii hayalipi ada ya shule. Waliobaki si wote waliobaki kwa moyo. Wengine walikosa pa kwenda.

Mwalo wa Jua:
Niongezee la ziwani. Jumapili ile ya tarehe 6 Novemba 2022, ndege ilipoanguka majini karibu na uwanja wa Bukoba, waliotangulia kufika walikuwa wavuvi na mitumbwi. Watu 43 walikuwa ndani, 24 wakatoka hai. Kijana mmoja, Majaliwa Jackson, jina lake likavuma kwa kuuvunja mlango kwa kasia, akapewa ajira Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Alistahili. Wengi waliokuwa naye walirudi mwaloni kuanika dagaa.

Ninachotaka watu waelewe ni kwamba kwetu uokoaji si jambo la siku moja. Dhoruba ikimkuta mtu kati ya Bumbire na nchi kavu, anayetoka kumtafuta ni mvuvi mwenzake, kwa mafuta yake. Na ni hao hao wa BMU, kikundi cha wanakijiji cha kulinda uvuvi mwaloni, mnaowatukana wakikamata nyavu haramu za timba. Mtu wa BMU analinda mazalia ya samaki dhidi ya shemeji yake, jioni anakula naye. Sina hakika kama kuna kazi ngumu zaidi ya hiyo mkoani.

Rusumo Juu:
Ngara tupo. Huku naweka watangazaji wa redio. Radio Kwizera ilianza mwaka 1995, wakati wakimbizi kutoka Rwanda wamejaa Benaco na kambi nyingine, na kutangaziana habari za kweli kulikuwa jambo la kuokoa maisha. Wakimbizi wale wengi walishaondoka, redio ikabaki ya wote. Mtangazaji anayesoma tangazo la ng'ombe aliyepotea kwa uzito ule ule wa habari za dunia, huyo kwangu ni mtumishi wa watu.

Mama Daftari:
Nshamba mwanangu, nimekusoma. Hoja yako ya kampeni ni ya kweli, nimeiona kwa macho. Kwetu tulipita katikati. Hela hatupeani. Katibu na mweka hazina wanasamehewa michango ya mwezi, zamu ya kuni na maji haziwahusu, na wakati wa palizi chama kinatoa watu wa kulima vibanja vyao kwa siku moja. Hakuna anayegombea ukatibu kwa ajili ya kusamehewa kuni. Ila mtu hachoki haraka, na nyumbani mumewe hanung'uniki sana.

Lakini Maruku asilinganishwe na mimi. Mimi nafunga daftari na kurudi kulima. Yeye kazi yake ni ya kila siku na inaweza kumuua, huyo alipwe.

Nshamba 07:
Hapo sina ubishi, maawe. Hiyo ya kulimiwa kibanja naichukua.

Kibanja cha Kati:
Waitu, asanteni. Na mimi naichukua kwa ajili ya fundi wetu, kwamba watumia maji wamlimie wakati wa palizi ili siku hizo atembee na kijana mmoja kwenye mstari wa bomba amwonyeshe koki zote. Nitaipeleka kwenye mkutano wa kijiji. Kuna aliyewahi kuchora mtandao wa maji wa kijiji chake kwenye karatasi, kwa mkono tu? Mlianzia kwenye chanzo kushuka, au kwenye vilula kupanda?

Emwani:
Kwenye chanzo kushuka, mkuu. Na mzee aende mbele, kijana ndiye ashike kalamu. Mkifanya kinyume, mzee ataandika anayoyaona muhimu tu, zile koki za kufukiwa atasema "hizi kila mtu anazijua".