Naombeni ushauri: watoto 18 wadogo, masaa matano, niwafanyie nini wasilie?

Segerea Mwisho:
Wakuu, salaam. Jumamosi ijayo mtoto anatimiza miaka mitatu. Nimealika watoto 18, wengi wana miaka miwili hadi minne, wa hapa mtaani na wa pale anaposhinda mchana. Shughuli ni nyumbani, uwanja wetu unaingia magari mawili. Tunaanza saa nane mchana, keki inakatwa saa moja usiku.

Shida yangu ni hayo masaa matano ya katikati. Harusi nimeshakuwa kamati, msibani nimeshashika mwiko, ila hawa wadogo siwawezi. Mwaka jana nilienda kwa jirani, ilipogonga saa kumi watoto sita walikuwa wanalia kwa pamoja na hakuna aliyejua nani kaanza. Nimewaza muziki, maputo na katuni kwenye tivii. Kingine nini? Hela ipo ila si ya kutisha. Matusi hapana.

Kipara Ngoto:
Nipo siti ya mbele. Pilau lipo?

Mama Wawili:
Masaa matano? Mimi na wangu wawili tu, tukifika masaa matano bila mtu kulala, tunalia wote watatu. Kata keki saa kumi, wape chakula, kila mtu arudi kwao na kibahasha chake cha pipi. Nani kakwambia keki ya mtoto wa miaka mitatu inakatwa usiku?

Mzee wa Rombo:
Vijana mnapenda gharama. Sisi tulizaliwa kumi na mmoja na hakuna aliyejua tarehe yake. Cheti changu kinasema Januari Mosi, mimi na nusu ya darasa letu. Hatukufa. Hiyo hela mnunulie mtoto mbuzi jike, akifika darasa la kwanza ana zizi.

Kipara Ngoto:
Mzee mbuzi Segerea atakula nini, tofali?

Ticha wa Chekechea:
Nina miaka tisa na watoto wa umri huo, ngoja nikusaidie maana naona wenzangu wanachezea uzi.

Mtoto wa miaka miwili hachezi NA mwenzake, anacheza PEMBENI ya mwenzake. Kwa hiyo mashindano sahau. Ule mchezo wa kugombea viti muziki ukizima usiuguse: anayetolewa haelewi katolewa kwa nini, anaona tu kanyang'anywa kiti. Hapo ndipo kilio kinapoanzia.

Tafuta maboksi makubwa, ya friji ukipata. Toboa dirisha, waachie. Weka mchanga mkavu kwenye beseni tatu, vikombe vya plastiki na chupa zilizokatwa (kingo zichome kidogo zisikate mtu). Kanda unga wa ngano na chumvi, maji na mafuta kidogo, kila mmoja apewe donge lake. Angalia tu wasiule. Mapovu ya sabuni yapulizwe na mtu mzima, wao wakimbize. Wakichangamka waimbishe simama-kaa, halafu ule mchezo wa nyama: unataja ng'ombe wanaruka, unataja kiti wanatulia. Watakosea na watacheka. Kila kitu dakika kumi, kumi na tano, usisubiri wachoke.

Karanga, bisi na pipi ngumu hapana, wanapaliwa. Soseji ikate kwa urefu, usikate vipande vya mviringo. Puto likipasuka okota vipande papo hapo. Beseni la maji usiliache bila mtu hata kama maji ni ya kina cha kiganja. Na tafuta mtu mzima mmoja kwa kila watoto watatu, simaanishi wale watakaokaa chini ya mwembe na soda.

Lakini yote haya ni ya masaa mawili. Masaa mawili! Baada ya hapo hakuna ticha wala mchawi.

Segerea Mwisho:
Ticha ubarikiwe, nimenakili yote. Ila keki kabla ya saa moja haitawezekana. Kuna mtu tunamsubiri.

Mama Wawili:
Mtu gani huyo mkubwa kuliko mwenye siku yake?

Kipara Ngoto:
Diwani. Mwaka wowote usio wa uchaguzi nao wanakuja siku hizi.

Segerea Mwisho:
Si diwani. Tuache hilo. Halafu sikusema: nimeshalipa advansi ya lile jumba la upepo la kurukia, na kuna kijana anavaa manyoya ya simba, anacheza na watoto. Naona hapo masaa mawili mengine yamepita.

Dada wa Makumbusho:
SIMBA? Kaka yangu. Alikuja mmoja wa dubu kwenye sherehe ya mtoto wa bosi wangu. Wangu alikuwa na miaka miwili na nusu, alikojoa palepale na akanipanda mpaka kichwani, wigi likabaki mkononi mwake. Mpaka leo akiona zulia la manyoya anapanda kitandani. Yule dubu naye maskini alikuwa anafuata watoto huku anapunga mkono, kumbe ndiyo anaharibu.

Segerea Mwisho:
Huyu ni mtaratibu, nimemwona. Na advansi hairudi.

Fundi Waya:
Kuhusu jumba la upepo. Linasimama kwa feni, feni inasimama kwa umeme. Umeme ukikatika linawalalia watoto. Muulize mwenye nalo kama ana jenereta, na jenereta ikae mbali, moshi usiingie kwao. Kamba zote zifungwe chini, zisifungwe mbili tu kwa ajili ya picha. Wa miaka minne wasiruke pamoja na wa miaka miwili, mkubwa akitua mdogo anaruka kama chapati. Giza likiingia zima, usibishane.

Mpekuzi:
Samahani wadau, nimefukua makaburi kidogo.

Mleta mada, mwezi wa tatu ulileta uzi unatafuta mchumba. Nakumbuka sharti lako la kwanza: asiwe na mtoto, "maana na mimi sina". Leo una mtoto wa miaka mitatu, unashinda unalinganisha maputo. Hii ni chai, na imewekwa tangawizi.

Kipara Ngoto:
Mtoto kakua haraka kuliko broila 😂

Mama Wawili:
Ndiyo maana "kuna mtu tunamsubiri". Anamsubiri mchumba. Mtoto kaazimwa ili aonekane baba bora.

Mzee wa Rombo:
Nilisema mbuzi.

Dada wa Makumbusho:
Na mimi nimemwaga habari za wigi langu bure.

Segerea Mwisho:
Nilijua tutafika huku. Rudini juu msome, nimeandika "mtoto", hakuna mahali nimeandika nimemzaa. Ni wa dada yangu. Baba yake hayupo kwenye picha, msiulize. Dada yuko Muscat, Oman, kazi za nyumbani. Kaondoka mtoto ana mwaka mmoja na miezi minne, tunaishi naye mimi na mama yetu. Simu anashika akishamaliza vyombo vya usiku, kwao saa mbili, huku saa moja. Ndiye huyo mtu. Kwenye uzi wa mchumba nilisema sina mtoto kwa sababu sina. Sikuona haja ya kuanika maisha ya dada yangu kwa watu wanaouliza pilau.

Kipara Ngoto:
Dah. Nimekaa kimya.

Mpekuzi:
Mimi sijakaa. Oman wikiendi ni Ijumaa na Jumamosi. Sherehe ni Jumamosi. Kwa nini asipige mchana?

Zamani Muscat:
Mpekuzi, wikiendi ni ya wenye nyumba. Mimi nilikaa huko miaka minne. Ijumaa na Jumamosi ndiyo siku nilizokuwa nazichukia, wageni ukumbi mzima, wali wa kuwatosha, watoto wanne wa bosi, watu wazima, na watoto wao. Simu bosi wangu alikuwa anaiweka kabatini mpaka jiko liwe safi. Si nyumba zote, rafiki yangu alikuwa anashinda na simu yake. Yangu ndiyo ilikuwa hivyo.

Mleta mada, sikiliza nikwambie. Ndugu zangu walimfanyia mwanangu vilevile, wakanisubiri. Nilipopiga, mtoto kanuna, macho mekundu, nguo imelowa juisi, kila mtu anamsukumia kwenye simu: "Sema mama! Sema mama!" Akajificha chini ya meza. Nililia mpaka nikaogopa bosi atasikia. Mimi keki sikuwa na haja nayo. Nilitaka kumwona anakula, anachezea kijiko, anapiga chafya, basi.

Fanya sherehe ya watoto saa tisa mpaka saa kumi na moja, mtu mmoja arekodi muda wote. Bakiza kikeki kidogo. Saa moja mkae wenyewe, mtoto kashaoga.

Bi Mkubwa wa Pangani:
Na magharibi watoto hawakai nje. Hilo nalo mlikuwa hamlijui? Mbu, giza, na mengine nisiyoyataja. Na wala msimmwagie maji eti kwa kuwa ni siku yake, mtapata kikohozi cha wiki nzima.

Segerea Mwisho:
Nawaelewa. Lakini dada mwenyewe ndiye aliyetuma hela, na alisema anataka kuona watoto wengi. Aone mwanawe ana wenzake. Nikimwonyesha mtoto na bibi yake na kikeki, si ndiyo ataona yuko mpweke?

Zamani Muscat:
Muulize yeye. Mtumie ujumbe wa sauti leo, atausikia akipata nafasi. Sisi hapa hatumjui.

Ticha wa Chekechea:
Na mtoto wa miaka mitatu aliyerukwa na usingizi wa mchana haonyeshi wenzake wala nini. Anaonyesha kilio.

Segerea Mwisho:
Sawa, nimemtumia.

Segerea Mwisho:
MREJESHO. Dada alijibu kwa sentensi moja: "Wewe fanya asichoke." Tukaanza saa tisa.

Simba alikuja. Watoto wote wakakimbilia nyuma ya bibi, wawili wakaingia chini ya kitanda. Nikamwomba avue kichwa, akapewa soda. Bila kichwa wakampanda mgongoni mpaka akaomba poo. Jumba la upepo lilienda kama lisaa limoja hivi, mmoja akatapika ndani, likafungwa. Kilichonishangaza ni mchanga na boksi la friji. Boksi la bure, jamani! Kuna kitoto kilikaa humo ndani dakika arobaini kinafungua dirisha na kufunga, kikitolewa kinapiga kelele. Nyama nayo, nilipotaja "bibi" waliruka.

Saa kumi na moja na nusu wameondoka. Nikamwogesha, nikamkalisha na kikeki mbele, tukasubiri. Saa moja kimya. Saa mbili kasoro anapiga, mtoto kashalala mkekani, sukari ya keki kwenye nywele. Nikataka kumwamsha, dada akakataa. Akasema weka tu simu hapo. Nikaiegemeza kwenye mto. Akamwangalia kama robo saa, hasemi kitu, mara akaitwa, akakata. Kikeki tulikula asubuhi na chai. Video za mchana nimemtumia zote.

Zamani Muscat:
Ahsante kwa kutomwamsha.

Mpekuzi:
Picha tafadhali, uzi ufungwe.

Segerea Mwisho:
Picha ya mtoto siweki humu. Kunywa chai yako.

Mpekuzi:
Haya. Nimekunywa.

Dada wa Makumbusho:
Mkuu, huyo simba anachukua shilingi ngapi? Wangu anatimiza minne mwezi ujao. Aje bila kichwa.