Mama mdogo ana uvimbe titini, anakataa kuchukuliwa kinyama cha kupima

BintiKilosa
Wapendwa, habari za jioni. Wenye uelewa wa mambo ya hospitali naomba msipite kimya.

Mama yangu mdogo, miaka 49, ana uvimbe titi la kushoto. Aliugusa akiwa anaoga, kabla ya Ramadhani. Ni mgumu, hauumi, na sasa ngozi ya juu yake imeanza kuwa na vishimovishimo kama ganda la chungwa. Zahanati wamempa rufaa aende hospitali ya mkoa akachukuliwe kinyama, kakataa. Anasema ingekuwa saratani ingeuma. Anasema ukoo wetu hauna ugonjwa huo, na yeye amenyonyesha watoto watano. Halafu kuna jirani yake alichomwa sindano ya kipimo, haikupita muda akafariki. Kwake yeye sindano ndiyo iliyousambaza. Sasa anakunywa dawa ya mizizi.

Nimwambieje? Ndiye aliyenilea, siwezi kumgombeza.

NesiWaZamu
Pole sana dada. Naanza na hiyo sindano, maana hofu hiyo nakutana nayo wodini kila mara na inaniumiza.

Wagonjwa wengi wanatufikia ugonjwa umeshatembea, uko kwenye mapafu, ini au mifupa. Anachukuliwa kinyama, baadaye anafariki, na mtaani kinachokumbukwa ni sindano. Sindano haisambazi saratani. Inatoa kipande kidogo cha uvimbe kikaangaliwe maabara kwa hadubini. Bila jibu hilo daktari hajui kama ni saratani, na kama ndiyo, hajui kama inalishwa na homoni ili atoe dawa kama tamoksifeni.

Uvimbe wa saratani mara nyingi hauumi mwanzoni, kwa hiyo kutouma kusimtulize. Ya kurithi ni kama 5 hadi 10 tu katika kila wagonjwa 100. Wengi wanaougua hawana ndugu aliyewahi kuugua. Kunyonyesha kunapunguza hatari, hakuifuti.

Ni kweli uvimbe mwingi wa matiti si saratani. Ila ngozi ya namna hiyo, chuchu kuingia ndani, majimaji ya damu, au tezi kwapani, hayo si ya kusubiri. Shirika la Afya Duniani linataka tangu mgonjwa afike kituoni hadi majibu kamili zisizidi siku 60. Mama mdogo muda wake unakwenda.

Kijana_wa_Pwani
Mke wangu ameacha kuweka simu na hela kwenye sidiria, na manukato ya kwapa kayatupa. Nayo ni uongo?

NesiWaZamu
Hayo hayajathibitika kuleta saratani, kaka. Yanayoongeza hatari ni umri, pombe, na unene hasa baada ya hedhi kukoma. Na wewe ukigusa uvimbe kifuani usipuuze. Wanaume wanaugua pia, ingawa ni kama mmoja au pungufu katika kila wagonjwa 100.

MamaNeema
BintiKilosa, mimi nimepita huko. Nilitibiwa Ocean Road, hospitali ya saratani Dar es Salaam: upasuaji, dawa za kemo, kisha mionzi. Leo nalima bustani yangu na wajukuu wananisumbua.

Usimwendee na neno saratani. Mwambie, "Mama, twende tukajue ni nini." Mizizi usiigombanie, ila amtajie daktari anachokunywa, kwa sababu dawa nyingine hazipatani. Muulize anaogopa nini hasa. Mimi niliogopa mume ataniacha nikikatwa titi, na hilo sikulisema kwa mtu hadi dada yangu aliponiuliza. Kumbe si kila mgonjwa anakatwa titi zima; ukiwahi, wakati mwingine wanatoa uvimbe tu. Kama wasiwasi ni hela, hospitalini ulizieni ofisi ya ustawi wa jamii mapema.

Kuna mtu anayemsikiliza?

BintiKilosa
Asanteni, nimesoma huku nalia. Anamsikiliza mjomba, kaka yake mkubwa. Nimempigia sasa hivi, amekubali twende wote Jumamosi, na Jumatatu tuwe hospitali.

NesiWaZamu
Vizuri sana. Bebeni barua ya rufaa na picha yoyote ya altrasaundi aliyopigwa. Kinyama huenda kikapelekwa mbali kupimwa, kwa hiyo ulizeni siku ya majibu na namba ya simu ya maabara. Siku hiyo ikipita kimya, msikae nyumbani kungoja kuitwa, rudini mkaulize.