Mrejesho: akyupancha pamoja na sindano ya jointi kwenye kifundo cha mguu

Wakuu niliuliza kama naweza kuchanganya akyupancha (tiba ya kuchomwa visindano vyembamba) na sindano ya steroidi (dawa ya kushusha uvimbe) kwenye kifundo kilichopata athraitisi (ugonjwa wa jointi kuvimba na kuuma) baada ya kuvunjika, sasa mrejesho ni huu. Daktari kakubali ila zisifanyike siku moja, na mtu wa akyupancha asichome karibu na jointi mpaka palipochomwa steroidi patulie kabisa maana bakteria wakiingia ndani ya jointi ni hatari mno. Steroidi imeshusha uvimbe na maumivu vizuri sana, akyupancha naona inanisaidia zaidi kule kukakamaa kwa asubuhi. Ila gegedu (ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa kwenye jointi) lililolika halirudi jamani, na steroidi hairudiwi ovyo, angalau miezi 3 ipite, ikizidi inalimaliza gegedu lenyewe. Wenye kisukari mwambieni daktari mapema, steroidi inapandisha sukari. Fizio (mazoezi tiba) naendelea nayo, asanteni mno mlionijibu.