Ushauri: Nimpeleke mama wapi aone mandhari ya milima bila kupanda sana? (Iringa/Mbeya)

MwanaPongwe:
Wakuu habari zenu, na shikamooni mliotutangulia. Mwishoni mwa mwezi wa sita tunatoka Tanga na gari dogo kwenda Mbeya kwenye harusi ya mdogo wangu, Iringa tutalala. Nitakuwa na mama, ana miaka 67. Magoti yanamsumbua, ila ukimwacha aende mwendo wake anatembea vizuri tu. Maisha yake yote ni pwani, na kila nikirudi nyumbani ananiuliza huko juu kukoje. Natamani nimfikishe mahali asimame aone nchi yote iko chini yake. Nimeambiwa Ziwa Ngozi. Atapaweza?

Mnyalukolo:
Kamwene mkuu. Kama mnalala Iringa, mpeleke jiwe la Gangilonga. Lipo mjini kabisa, gari linasogea karibu, kupanda ni dakika chache na mji wote unauona. Wazee husimulia kwamba Mkwawa, mtemi wa Wahehe, alikuwa akikaa pale kutafakari. Nendeni jua limepoa lakini msingoje giza, na msiende wawili tu. Avae raba zenye meno, mwamba ule una sehemu laini. Asubuhi mkipata nafasi mpitisheni na Kalenga, lile fuvu lake lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954 lipo kwenye makumbusho pale.

Dada wa Uyole:
Ngozi hapana, ndugu yangu. Ni pazuri mno, lakini si pa magoti mabovu. Unatembea ndani ya msitu muda wote, huoni kitu mpaka ufike ukingoni juu, kwa hiyo mama akichoka katikati atarudi bila kuliona ziwa. Kipande cha mwisho kimesimama, unashika mizizi. Na kushuka ndiko kunakoumiza magoti kuliko kupanda.

MwanaPongwe:
Asante dada, hilo la kutoona kitu njiani sikuambiwa. Na mlima Loleza? Naona kwenye ramani upo karibu na mji.

Dada wa Uyole:
Karibu kwa macho. Kilele kina mita 2,656 na mji upo kama mita 1,700, hesabu mwenyewe huo mlima.

Kijana wa Isanga:
Jibu lako ni barabara ya kutoka Mbeya kwenda Chunya. Ni lami, inapandisha kwa kona kutoka huku kwetu Isanga, mnapita msitu wa Kawetere, halafu mnafika ukingoni ambapo bonde la Usangu lote limetandazwa chini. Kazi ya kupanda inafanywa na gari, mama anatembea hatua zake chache tu. Chini ya saa moja kutoka mjini. Nimewapeleka wageni wengi pale na sijaona aliyeondoka haraka.
Ila egesheni mbali kabisa na lami, malori yanapita kwenye zile kona. Na mama asisogee ukingoni bila kushikwa mkono.

Mzee wa Sae:
Naunga mkono. Nendeni alasiri. Asubuhi ukungu unaweza kukaa, na jua linawapiga usoni. Mchana likishapita upande wa pili, bonde linaonekana mpaka mbali. Mwezi wa sita ni wakati mzuri, moshi wa kuchoma mashamba bado haujatanda. Ila baridi! Mtu wa Tanga mvalisheni sweta, koti, kofia na soksi nzito, upepo wa pale unaingia mpaka kwenye mifupa. Na mwacheni apumzike Mbeya siku moja kwanza, huko juu pumzi inakuwa fupi kwa mtu wa pwani.

Mnyalukolo:
Halafu msipite Kitonga usiku. Mama akae kiti cha mbele, ule mpando peke yake utamjibu nusu ya maswali yake.

MwanaPongwe:
Nimeelewa, Mungu awabariki. Gangilonga tukifika Iringa mapema, na barabara ya Chunya siku ya pili baada ya harusi. Choo na chakula kule juu vipi?

Kijana wa Isanga:
Msitegemee. Malizeni mjini, na bebeni chai kwenye chupa.