Amplifaya ya transista mbili inapiga mluzi nikiweka mrejesho, naomba ushauri

mwana_solda: Wakuu habari. Nina amplifaya ya maiki ya transista mbili za BC547, volti 12, zote emita ya pamoja (signali inaingia kwenye besi, inatoka kwenye kolekta). Kila hatua ina rezista za 47k na 10k kwenye besi, 3.3k kwenye kolekta, 1k kwenye emita na kapasita ya 100µF. Ili kupunguza ukuzaji nimerudisha signali toka kolekta ya pili hadi besi ya kwanza kwa 100k na 0.1µF. Inapiga mluzi, nikikata 100k inanyamaza. Halafu emita ya pamoja si hugeuza fezi, yaani signali ikipanda inatoka ikishuka? Mbona signali inayoingia na inayotoka zinapanda pamoja?

fundi_mawimbi: Mkuu, kila hatua inageuza, na wewe unazo mbili. Besi ikipanda, mkondo wa kolekta unaongezeka, 3.3k inakula volti zaidi, kolekta inashuka. Hatua ya pili inageuza tena, umerudi fezi ile ile. Ukiirudisha kwenye besi unaisukuma kule kule inakoelekea. Hapo umetengeneza osileta, saketi inayojitolea mawimbi yenyewe.

Ipeleke kwenye emita ya transista ya kwanza. Emita ikipanda, volti kati yake na besi inapungua, transista inabana. Hiyo ndiyo breki unayoitaka. Gawa ile 1k: 100 omu upande wa emita bila kapasita, kisha 910 yenye kapasita yake. Rudisha kwa 10k na 10µF hadi kwenye mguu wenyewe wa emita, si pale rezista mbili zinapoungana, maana kapasita itaimeza signali yote. Ukuzaji utakaa karibu mara 100.

mwana_solda: Asante mkuu. Na nikiongeza emita folowa (transista inayotoa signali kwenye emita) mwishoni?

fundi_mawimbi: Haigeuzi, hivyo mrejesho unaweza kuutoa kwenye emita yake.

omu_na_volti: Nyongeza. Pima fezi kwa osiloskopu, signali ya 1kHz, triga chaneli ya 1 pekee, na hakikisha chaneli ya 2 haijawekwa kugeuza. Kitufe hicho kinapotosha wengi. Usipime kwa Hz 50. Emita ya hatua ya pili, kwa mkondo wako wa karibu mA 1.5, inaonyesha ukinzani wa omu 30 hivi, kwa hiyo 100µF haitoshi na fezi inahama karibu digrii 45. Weka 470µF. Bila hivyo, mrejesho unadhoofika kwenye sauti nzito, hata kama umeunganisha sawasawa.