Naomba ushauri: uzito wa paka wangu wa miezi mitano unatosha?

Ndugu wafugaji wenzangu, naomba ushauri wenu. Ninaishi Uyole, Mbeya, na nina paka jike wa miezi mitano ambaye nilimpima kwa mizani ya dukani akiwa ndani ya kikapu, na baada ya kuondoa uzito wa kikapu nikapata kilo 1.6. Ninafahamu kwamba mtoto wa paka huongezeka takriban gramu 100 kwa wiki, yaani karibu nusu kilo kwa kila mwezi wa umri wake katika miezi ya mwanzo, hivyo kwa hesabu hiyo yuko nyuma. Lakini paka wetu wengi wa kienyeji wana umbo dogo, na sioni busara kuiamini namba peke yake.

Nikimpapasa, mbavu zinahesabika bila hata kubonyeza, na uti wa mgongo unachomoza chini ya manyoya, ambayo kwa baridi hii ya Julai yamekuwa mazito kiasi cha kuwadanganya wageni kwamba amenenepa. Tumbo, hata hivyo, limetuna kama ngoma. Anakula ugali wenye dagaa wa Ziwa Nyasa kwa hamu kubwa, wala hatapiki.

Je, tumbo hilo pamoja na mbavu zilizo wazi ni dalili ya minyoo, au ni kwa sababu ugali umezidi dagaa? Jirani amenishauri nimpe nusu ya kidonge cha mbwa, jambo ambalo nimelikataa mpaka nipate neno la mtaalamu.