Zoom mara 60 au DSLR iliyotumika kwa darasa la kuanzia?

Mgeni_wa_Lenzi: Wakuu, naanza darasa la upigaji picha. Mwalimu anataka kamera yenye M (unapanga mwanga mwenyewe) na inayotoa RAW (faili ghafi ya picha), basi. Nimepata mbili za bei karibu sawa: ndogo mpya ya zoom mara 60, lenzi haitoki, na DSLR, yaani kamera yenye kioo ndani na lenzi za kubadilisha: Nikon D3400 iliyotumika yenye lenzi ya milimita 18-55. Muuzaji wa Nikon anaongeza lenzi ya AF 50mm f/1.8D. Ipi?

Jicho3: D3400, mkuu. Hizo za zoom ndefu nyingi sensa yake (kipande kinachonasa picha) ni kama milimita 6.2 kwa 4.6, ya D3400 ni 23.5 kwa 15.6, eneo karibu mara 13. Utaumia kwenye somo la apecha, yaani tundu la lenzi linalopitisha mwanga; namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Bila kuvuta zoom, hata ukifungua f/2.8 nyuma ya mtu kila kitu kinaonekana wazi, na kufunga nako nyingi zinaishia f/8. Ukiambiwa ulinganishe f/4 na f/16, utalinganisha nini?

Ila ujue D3400 ina gurudumu moja. Ukiwa kwenye M, ukilizungusha tu unabadili shata (muda wa kuingiza mwanga); ukibonyeza kitufe cha +/- huku unazungusha, unabadili apecha. Wanafunzi wengi hukwama hapo, wanadhani kamera mbovu.

KasiYaShata: Mimi ningetafuta isiyo na kioo, unaona mwanga wa picha kabla hujabonyeza. Lakini betri zake huisha haraka, kwa hiyo hesabu na ya akiba. Kati ya hizo mbili, Nikon bila ubishi.

Mgeni_wa_Lenzi: Na hiyo 50mm itakubali?

Jicho3: Itaingia, itapima mwanga, ila haitafokasi yenyewe. Lenzi za "D" hutegemea mota iliyo ndani ya bodi, na D3400 haina. Inataka AF-S au AF-P, zenye mota ndani ya lenzi. Utafokasi kwa mkono ukifuata kidoti cha kijani chini kushoto kwenye kitundu cha kuchungulia. Pete ya apecha iweke f/22 uifunge na kiloki chake, la sivyo kamera itaandika "FEE" na kugoma kupiga. Kwa darasa si mbaya, ila usiilipie kama lenzi kamili.

Fundi_Sensa: Kabla ya kulipa, mulika tochi ndani ya lenzi zote mbili. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, achana nayo. Piga picha moja ya JPEG, ifungue kwenye programu inayosoma EXIF (taarifa zilizohifadhiwa ndani ya faili ya picha), uone shata imepiga mara ngapi. Kisha weka f/22, haribu fokasi makusudi, piga dari jeupe.

Mgeni_wa_Lenzi: Shata 11,400, lenzi safi. Kwenye dari kuna vidoa vitatu juu kulia, f/5.6 havionekani.

Fundi_Sensa: Vumbi hilo, lipo juu ya sensa. D3400 haina usafishaji wa sensa wa yenyewe. Chaji betri ijae, inua kioo kwa menyu, elekeza mdomo wa kamera chini, puliza kwa pampu ya mpira. Usipulize kwa mdomo, mate yakikauka pale ni kazi nyingine. Na vidoa vya juu ya picha vitafute chini ya sensa, maana lenzi hupindua picha.